Mama, Mtindi Umeganda

Mama,

Mtindi umeganda! Nakuambia hilo kabla ya salamu, na najua ungenikata jicho kwa kukosa adabu, lakini leo nivumilie. Umeganda vizuri, mzito, ukiuchota unakaa juu ya kijiko, na mimi sikuugusa hata kidogo. Mimi niko Buseresere. Wao, wenzangu wa kazi, wako Songwa. Wameupika wenyewe, wameufunga wenyewe, wameupakia kwenye basi la alfajiri, na jioni hii Mama Zawadi amefunua ndoo ya kwanza mbele yangu. Nilikuwa nimeshikilia meza kwa mikono yote miwili. Mama Zawadi akachota, akaonja, akaniangalia, akaonja tena. Halafu akacheka kile kicheko chake cha kupiga mapaja, akasema, "Kabula, kaa chini basi, utanivunjia meza."

Nimekaa. Nimeomba karatasi na kalamu, na hapa kwenye kona ya kibanda chake nakuandikia huku wachimbaji wanaingia na kutoka na vumbi lao. Wengine hata hawakai. Wanasimama, wananyanyua kikombe, wanashusha vumbi kooni kama wanavyosema wenyewe, wanafuta midomo kwa mgongo wa mkono na kurudi duarani, kwenye mashimo yao ya dhahabu. Hawajui kwamba wanakunywa jambo ambalo nusura life nawe. Nimetamani nisimame nitangaze. Nimejizuia, maana Mama Zawadi tayari ananiona nimepata wazimu.

Shikamoo, Mama. Sasa ndiyo nakusalimu. Nyumbani hawajambo. Mvua zilichelewa, kisha zikaja zote kwa pupa, na mpunga umeitikia. Nkwabi mume wangu hajambo, bado anakoroma. Ng'ombe wako hawajambo, isipokuwa yule mwenye pembe moja, ambaye bado anapiga ndoo teke kila anapokamuliwa na mtu asiye wewe. Kaburi lako tumelijengea, na Shangazi amepanda maua ambayo mbuzi wanayala. Mimi sijambo. Kuna siku nilikuwa na jambo kubwa, lakini leo sijambo kabisa.

Nataka nikusimulie tangu ulipoondoka, maana mengi huyajui, na mengine nina ugomvi nawe.

Tulipomaliza matanga, tulirudi kazini wote, mimi, Holo, na Rukia. Rukia unamkumbuka, yule binti wa Ujiji uliyempokea miezi michache kabla hujaanza kuumwa, mwembamba, mwenye maswali. Tulisema hatutafunga hata kwa wiki. Mtindi wa Mama utaendelea. Wenye maziwa walikuja na baiskeli zao na madumu yao kama kawaida, tukapokea, tukachuja, tukachemsha, tukapoza, tukatia mbegu ya mtindi wa jana yake, tukafunika kwa mablanketi yako yale yale. Asubuhi tukafunua. Mama, kilikuwa kitu kama uji uliokosewa. Maji huku, mabonge kule. Holo alikaa chini na kujishika kichwa.

Siku iliyofuata uliganda vizuri, tukapumua. Siku mbili tatu ukakubali. Kisha ukagoma tena. Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa, kwa sababu kitu kinachogoma kila siku unakijua, lakini hiki kilikuwa kinatuchezea. Maziwa yalikuwa masafi, nilinusa mimi, akanusa Holo. Hayakuwa na maji, kipimo kilionyesha. Sufuria zilikuwa safi. Nikamlaumu Holo kwamba hachemshi vya kutosha, yeye akanilaumu kwamba natia mbegu maziwa yangali ya moto. Na kweli kila mmoja alikuwa na njia yake. Holo anangoja maziwa yapande mara moja, mimi nangoja mpaka yapande na kushuka na kupanda tena. Yeye anapima joto kwa kidole, mimi kwa mgongo wa mkono. Ulipokuwepo hatukujua kama tunatofautiana, kwa sababu wewe ulikuwa unapita nyuma yetu na kusema "bado" au "tia." Mashine yetu yote ilikuwa neno "bado" na neno "tia," na mwenye kuyasema tulikuwa tumemzika.

Watu wa Songwa walikuwa na jibu lao. Walisema mtindi una mkono. Mkono umeondoka na mwenyewe. Walisema kwa huruma, hawakuwa na ubaya, na mimi nilianza kuamini. Shangazi akaja na lake: kwamba wewe umenuna, kwamba tulianza kazi bila kukuaga, na kwamba lazima tukupelekee mtindi kaburini kwa kibuyu. Tukapeleka, Mama. Tulitafuta kibuyu chako cha zamani, Shangazi akakifukiza moshi mwenyewe, tukaja asubuhi tukamimina, tukasema maneno. Kama ulikunywa, asante. Lakini kesho yake mtindi uligoma vibaya kuliko siku zote, na Shangazi akasema labda ulitaka wa baridi.

Nilicheka siku ile kwa mara ya kwanza tangu msiba, kisha nikalia hapo hapo. Nilikuwa nimekukosa sana.

Mama Zawadi naye akapiga simu. Unajua alivyokuwa anakupenda, yeye aliyeolewa huku mbali akabeba sifa za mtindi wako kama mahari. Alisema ndoo mbili zimemwaibisha mbele ya wateja. Alisema, "Mwanangu, mama yako nilimpenda, lakini wachimbaji hawanywi upendo." Akatuambia atasubiri kidogo, ikishindikana atachukua mtindi kwa watu wengine walio karibu naye. Sikumlaumu. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo. Lakini Buseresere ikiondoka, Holo na Rukia wanarudi kwao, na jina lako linabaki kuwa hadithi ya "palikuwa na mama mmoja."

Sasa msikilize Rukia. Ulikuwa unapenda kusema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mimi nilidhani ni maneno ya kukaribishia wageni tu. Tulikuwa tunaosha madumu, Rukia akauliza kama anavyouliza yeye, bila kutazama mtu: "Dada Kabula, zile habari Mama alizokuwa anachukua kwa wale wazee, siku hizi anachukua nani?"

Nikamwuliza habari gani. Akasema, "Si zile za asubuhi. Sisi Ujiji mtu akikuletea maziwa unamwamkia, unapokea, basi. Mama alikuwa anamhoji mtu kama polisi. Mimi Kisukuma sikijui, lakini nilikuwa naona akimaliza kuhoji ndipo anaamua dumu liende wapi."

Holo akacheka, akamwambia zile ni salamu tu, Wasukuma tunasalimiana kirefu. Lakini mimi niliacha dumu nililoshika. Nikaanza kuzitaja salamu zako kwa sauti, moja moja, kama ulivyokuwa unazisema pale mlangoni umeshika kiuno, Mwangaluka ya kuamkiana asubuhi, kisha mhola yako ya kuuliza kama ni salama. Mwangaluka. Nyumbani, mhola? Watoto, mhola? Mvua imefika kwenu? Ng'ombe, mhola? Hakuna aliyeumwa? Ameumwa nini? Bwana mifugo alikuja? Alimchoma sindano? Lini?

Mama! Lini! Mtu gani anauliza kwenye salamu ng'ombe amechomwa sindano lini?

Na hapo hapo Holo naye akaacha kucheka, maana alikumbuka lile jingine. Kuna siku ulikuwa unamaliza salamu, unatazama dumu la mtu, unasema kwa upole, "Haya ya leo wape ndama, ndama wako wamekonda." Na mtu anarudi na maziwa yake bila kinyongo, anakwenda kuwapa ndama. Sote tulijua kwamba Mama ana huruma na ndama. Kijiji kizima kilijua. Watu walikuwa wanakutania kwamba utafufuka ndama! Kumbe hukuwa na habari na ndama wa mtu. Ulikuwa unakataa maziwa ya ng'ombe mwenye dawa mwilini bila kumwambia mwenyewe kwamba unamkataa.

Tulimpigia bwana mifugo palepale. Akatuambia ndiyo, dawa ya sindano inatoka kwenye maziwa kwa siku kadhaa, hayanuki, hayabadiliki rangi, ukiyachemsha bado imo, na mbegu ya mtindi inakufa ikikutana nayo. Hata binadamu hatakiwi kuyanywa. Tena akashangaa, akasema, "Mbona mama yenu nilimweleza zamani sana?"

Hapa ndipo penye ugomvi wetu. Nilikukasirikia, Mama. Nilikwenda mpaka kaburini peke yangu, bila kibuyu, nikakuuliza kwa nini hukusema. Miaka yote nimesimama kando yako na kuchuja maziwa, na wewe una jambo hilo mdomoni, unalipitisha kwenye salamu kila asubuhi, na hukugeuka hata siku moja kuniambia, "Kabula, hili swali lina kazi." Ulikuwa unawacheka watu wa mgodini Mwadui, unakumbuka? Ulikuwa unasema wale hata kupanda ngazi wana utaratibu, hata kunywa maji wana utaratibu, mtu mzima anafundishwa kuvaa kofia. Na wewe ulikuwa na utaratibu kuwashinda wote! Tofauti ni kwamba wao mtu akiondoka utaratibu unabaki. Wa kwako ulipanda nao mbinguni.

Hasira ilikwisha nikiwa narudi njiani. Nafikiri hukuuficha. Nafikiri ulikuwa umeshauzoea mpaka ukawa hauoni, kama mtu asivyojua anatangulizaje mguu. Ndiyo maana nimeamua kwamba kazi yetu haitakaa tena mdomoni mwa mtu mmoja, hata kama mtu huyo ni mimi.

Tukakaa sote watatu chini, mlango wazi, chai ya maziwa katikati. Tuligombana asubuhi nzima, Mama, ungefurahi. Kila kitu tulikibishania mpaka tukakubaliana jambo moja. Maziwa yanapanda mara ngapi. Yanapoa mpaka wapi. Nani anashika mbegu, na akiugua anaishika nani. Holo alitaka tubaki na kidole chake, nikakataa, Rukia akasema tununue kipimajoto tuache vita vya vidole, na tukanunua. Hata kufunika blanketi kuna namna moja sasa. Kisha tukamwita yule fundi anayepaka mabango ya maduka, akatuchorea ukutani, kwa sababu Holo hasomi vizuri na hataki kusomewa. Amechora sufuria, amechora mkono, amechora ng'ombe mwenye sindano kubwa ubavuni na macho yaliyotoka kwa hofu. Watoto wa jirani wanakuja kumtazama huyo ng'ombe na kucheka. Lakini hakuna anayemsahau.

Na la kwanza kabisa ukutani, kabla ya sufuria, ni watu wawili wanaosalimiana. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza: anayepokea atasalimia kama Mama alivyosalimia, maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule. Rukia alijifunza Kisukuma chako usiku na mchana kama mtu anayejifunza kuswali. "Mwangaluka" yake ina lafudhi ya Kigoma, wazee wanaipenda kuliko yetu.

Tukaanza. Siku ya kwanza ukaganda. Ya pili ukaganda. Ya tatu, ya nne. Nilikuwa naamka kabla ya jogoo kwenda kufunua, nashangilia, namwamsha Nkwabi, ananiambia mtindi ni mtindi tu mke wangu, lala. Nikampigia Mama Zawadi kumwomba tumletee ndoo tena. Akasema haya, leteni, lakini hii ndiyo ya mwisho nawajaribu.

Na usiku wa kuamkia siku ya kupakia hizo ndoo, mtindi ukagoma.

Siwezi kukueleza nilivyojisikia. Holo alianza kusema tena habari za mkono na kibuyu. Nilikuwa tayari kufunga. Rukia ndiye aliyesimama mbele ya ule ukuta na kuuliza, "Jana nani hakusalimiwa?" Tukaanza kuwahesabu kwa majina. Kila mtu alisalimiwa. Kila mtu aliulizwa. Isipokuwa mmoja, na sote tulimjua kabla hatujamtaja, na mimi jina lake silitaji hata kwenye karatasi hii.

Baba yake Nkwabi.

Utasema bila shaka, na wewe unaijua mila kuliko mimi. Mkamwana anapiga goti, anainamisha macho, anapokea dumu kwa mikono miwili, anaondoka kinyumenyume. Nani amwulize baba mkwe ng'ombe wake ana nini? Si ni kama kumwambia maziwa yako siyaamini? Holo alimwogopa kwa sababu ni mkwe wangu. Rukia alimwogopa kwa sababu tulimwogopa sisi. Kwa hiyo dumu lake lilikuwa linapita kama gari la mkubwa. Na yule mzee, Mama, unajua alivyo na sindano. Ng'ombe akipiga chafya tu ameshamwita bwana mifugo. Ulipokuwepo, wewe na yeye mlikuwa wakwe, rika moja, mnasimama pale mlangoni mnacheka na kusalimiana mpaka jua linawaka, na ndama wake nadhani ndio walionenepa kuliko ndama wote wa wilaya.

Nilimwambia Nkwabi aongee na baba yake. Nkwabi akakumbuka ghafla kwamba ana safari ya Shinyanga mjini. Nikafikiria tumwambie asilete tena. Nikaona hapo ndoa yangu itakuwa kwenye ile sufuria. Nikafikiria tuwe tunapokea maziwa yake na kuyamwaga kimyakimya. Rukia akasema, "Dada, tukianza kuwa na ya kimyakimya tumerudi kulekule." Alikuwa sahihi, na kwa muda nilimchukia kidogo.

Basi sikiliza tulichofanya. Nilichukua dumu langu mwenyewe, maziwa ya yule ng'ombe wako wa pembe moja, ambaye kweli wiki ile alikuwa amechomwa sindano ya mguu. Sikupitia ndani kama ninavyopitia siku zote. Nilizunguka nje nikapanga foleni na wenye maziwa, na baba mkwe alikuwa nyuma yangu kidogo, amesimama kando kwa heshima zetu, anatazama kwingine. Watu walinishangaa, mwenye kiwanda anapanga foleni na dumu. Zamu yangu ikafika. Rukia akasimama mlangoni, ameshika kiuno kama wewe, akaanza. Mwangaluka. Nyumbani, mhola? Watoto, mhola? Akaenda yote, hakuruka hata moja, na mimi nikajibu yote kwa sauti. Ng'ombe, mhola? Nikasema yupo mmoja alichomwa sindano juzi. Rukia akalitazama dumu langu, akasema kwa upole, na Mungu ni shahidi sikumfundisha sauti ile, "Haya ya leo wape ndama."

Nikasema asante, nikachukua dumu langu nikaondoka mbele ya watu wote. Nilipofika kwenye kona ya ukuta nikajibanza nisikilize. Zamu iliyofuata ilikuwa ya mzee.

Rukia hakubadilisha kitu. Shikamoo babu, kisha Mwangaluka, kisha nyumbani, kisha mvua. Mzee alijibu la kwanza kwa mkato. La pili akajibu kwa urefu kidogo. Rukia alipofikia ng'ombe, mzee akalitazama dumu lake. Baiskeli nyuma zikaacha kulia kengele. Nikasema moyoni sasa ndiyo basi. Kisha nikamsikia anaeleza. Alieleza yule ng'ombe mwekundu alivyoanza kukohoa, alivyokataa majani, alivyomwita bwana mifugo, sindano ilivyochomwa na wapi, na yeye alivyokesha. Alieleza kila kitu! Rukia anaitikia tu, mhola, mhola, wala nusu ya maneno haelewi. Alipomaliza Rukia akamwambia, "Babu, haya ya leo wape ndama." Na mzee akasema, kwa Kiswahili, ili binti aelewe: "Tangu mkwe wangu afariki, hapa naleta maziwa kama mtu anatupa mzigo. Wananipokea, wanakimbia. Nilidhani nimewakosea."

Sikuweza kutoka pale kwenye kona kwa muda.

Tulidhani tunamheshimu, Mama. Kumbe tulikuwa tumemnyima. Kila mtu pale alikuwa anaulizwa habari za nyumbani kwake, isipokuwa yeye, na yeye amezika mkwe aliyekuwa akimwuliza kila siku. Nilikuwa nadhani utaratibu ni kitu kikavu, cha watu wa kofia na filimbi, kinachomfanya mtu asiwe mtu. Sikujua kama unaweza kumfungulia mkamwana mdomo bila kuvunja mila. Rukia hakumwuliza baba mkwe wa Kabula. Alimwuliza aliyesimama mlangoni, kama alivyomwuliza aliyetangulia, kama atakavyomwuliza anayefuata. Hakuna aliyepungukiwa.

Tangu hapo hatujamwaga sufuria. Kuna siku mbegu ilitusumbua, tukafuata ukuta hatua kwa hatua, tukagundua kosa kabla ya chai. Zamani tungemtafuta mchawi. Holo sasa ndiye mkali kuliko wote, juzi amemrudisha Shangazi mlangoni akanawe mikono, na Shangazi amenuna kweli kweli, labda atakupelekea wewe mashtaka. Mpokee vizuri.

Mama Zawadi akatupa nafasi nyingine baada ya ile, kwa kuwa nilimweleza ukweli wote kwenye simu na akacheka habari za ndama mpaka akakata. Sasa anafungua kibanda cha pili, kule kwenye maduara mapya, na aliniita nije nikione tukubaliane ndoo. Tangu ulipofariki sijawahi kulala nje ya Songwa. Nilikuwa naogopa nikitoka, mtindi utanifuata. Nilimwambia Rukia nitapiga simu kila saa. Akaniambia, "Piga, lakini sitapokea, nitakuwa nachemsha." Na kweli hakupokea!

Amenipigia yeye leo mchana, na ndiyo habari niliyoiweka mwisho.

Asubuhi ya leo baba mkwe amekuja kama kawaida, ameendesha baiskeli njia yote ile, kwa umri ule, na tope lile. Amepanga foleni. Zamu yake ilipofika Rukia akalipokea dumu, akaona ni jepesi. Akalifungua, halina hata tone. Ng'ombe wake wote wanaokamuliwa wamechomwa sindano jana, maziwa ameshawapa ndama mwenyewe, nyumbani, bila kuambiwa. Rukia akamwuliza, sasa babu, kama ni hivyo umejisumbua kwa nini kuja mpaka huku?

Mzee akasema, "Nimekuja kuulizwa."

Basi Rukia akamwuliza, Mama. Yote. Nyumbani, watoto, mvua, ng'ombe. Foleni nzima imesubiri, na hakuna aliyenung'unika.

Sasa nafunga barua, Mama Zawadi anazima jiko na mtindi wako kwenye ndoo umebaki kidogo chini kabisa. Lala salama, Mayu, mama yangu. Ugomvi wetu umekwisha, nimekusamehe kwa kutosema, na wewe nisamehe makelele ya pale kaburini. Nakuahidi hivi: siku na mimi nitakapofuata huko uliko, nitakuja mikono mitupu na mdomo mtupu, maana nitakuwa nimeshawaambia wote kila kitu. Na mpaka siku hiyo, hakuna atakayefika mlangoni kwako Songwa, awe na maziwa au asiwe nayo, akaondoka bila kuulizwa.

Mwanao,
Kabula